UZI: Wale wa redio ya taifa kujeni hapa, ni kipindi gani kilikuwa kinakushika?

MzeeWaLanet
Wasee habari zenu, wa Nakuru, wa Kisumu, wa Kakamega na huko kwote mpaka Malaba. Nafungua huu uzi juu humu ndani kila siku ni siasa na Arsenal, na nikiangalia umri wa wengi wenu najua mlikulia kwa nyumba yenye redio ilikuwa juu ya kabati imefunikwa na kitambaa cha mama na mtoto akiiguza anapata kofi. Siongelei hizi FM za kucheka ovyo asubuhi. Naongelea redio ya taifa, ile tuliijua kama Sauti ya Kenya, VoK, mpaka 1989 ikarudi kuwa KBC, Idhaa ya Taifa, sai ni Radio Taifa.

Swali ni moja tu, kipindi gani kilikuwa kinakushika, na kilikushika na nini haswa? Usiniambie zilizopendwa, hiyo kila mtu anapenda.

Naanza mimi. Salamu. Na sikuwa hata natuma, nilikuwa naskiza za watu wengine, watu sijawahi waona na macho. Kadi ya salamu ulikuwa unanunua, unaandika jina lako na pahali uko, halafu majina ya wenye unawasalimu, halafu chini maneno yako ya kufungia, unatuma na posta Sanduku 30456 Nairobi, hiyo namba hata leo ukiniamsha usiku wa manane nakupea. Halafu unangoja. Unangoja mpaka unasahau. Siku moja mko tu mnakula, mtangazaji anasema salamu hizi ni zake fulani wa fulani, Nakuru, akiwasalimu wafuatao, na watu wanaacha ugali ikipoa.

Jirani yetu mmoja alisomewa kadi saa ile ako choo cha nje. Sisi watoto tukakimbia kumgongea mlango, umesomwa! umesomwa! Mzee akatoka mbio mkono mmoja umeshika suruali, kufika kwa redio imeshaingia rumba. Plot nzima ilimskia isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuwa anatuuliza mpaka Krismasi, "kwani alisema jina langu yote ama alisema tu la kwanza?"

Ndio maana nasema kile watu walikuwa wanafuata kwa ile redio ni kuitwa jina. Jina lako, jina la shemeji yako, jina la soko lenu likitajwa na mtu wa Nairobi. Nani anabisha?

KijanaWaKondele
Nabisha mimi. Mzee heshima yako lakini hapo hamkuwa na mapenzi, mlikuwa mmefungiwa. Capital FM ilikuja 1996, kabla ya hapo mlikuwa mnachagua kati ya KBC na kuzima. Mtu akiwa na sahani moja mezani huwezi sema anaipenda. Wape watu wa wakati huo TikTok uone kama kuna mtu angenunua kadi.

OmusakhuluWebuye
Hehehe "umesomwa". Huyo mzee wa choo nimemwonea huruma sana

NyarKendu
@KijanaWaKondele wewe umezaliwa juzi nyamaza kidogo tukueleze. Hatukuwa tumefungiwa. Masafa mafupi yalikuwa yanashika vizuri tu, BBC ya Kiswahili iko hewani tangu 1957 na Deutsche Welle tangu 1963, na baba yangu kila jioni alikuwa anazungusha kile kidude pole pole kama anafungua sefu mpaka London iingie. Na alikuwa na sababu, juu kuna mambo ya Kenya yenyewe ulikuwa unayapata kutoka Uingereza kwanza. So habari tulikuwa na kwingine. Kile hakukuwa na kwingine ni vifo.

Sasa mimi hapo ndio kipindi changu na msinicheke. Matangazo ya vifo. Kwetu upande wa Kendu Bay ule muziki wa huzuni ukianza hata mwenye anakama ng'ombe anasimama. Mama alikuwa anaskiza na kalamu ya risasi na nyuma ya kalenda. Na hakuwa anaskiza tu nani amekufa, alikuwa anaskiza ile orodha inafuata: mume wa fulani, baba yao fulani wa reli Nakuru, fulani wa majani chai Kericho, fulani mwalimu Migori, shemeji yao fulani wa benki Eldoret, habari pia ziwafikie jamaa wote walioko Mombasa na Kampala. Kwa dakika moja unajua boma nzima, nani amesoma, nani amepata kazi wapi, bibi wa pili ametajwa ama ameachwa. Ooh, na akiachwa! Hiyo ilikuwa inaongelewa sokoni mpaka siku ya mazishi. Kuna mama jirani alijua kijana wake amehamia Kisumu kupitia tangazo la kifo cha ami yao, juu kijana hakuwa anaandika barua lakini mwenye alipeleka tangazo alijua ako wapi.

Na ilikuwa inafanya kazi. Tangazo likisomwa jioni, asubuhi steji imejaa watu wa kitambaa kichwani. Hakukuwa na simu kijijini, ya karibu ilikuwa ya posta. Kama wewe uko Nairobi kazi ya mkono na mzazi amekufa nyumbani, redio ndio ilikuwa inakuita. So @MzeeWaLanet kuitwa jina niko na wewe, lakini ya salamu ilikuwa ya raha. Ya vifo ilikuwa ya lazima.

MzeeWaLanet
@NyarKendu hapo kwa bibi wa pili umeniua. Na ni ukweli, watu walikuwa wanapigania majina kabla tangazo liende ofisini.

Section58
Nyinyi mnaongea vipindi na hamjaongea mawe, yaani betri. Redio bila mawe ni sanduku.

Mimi nimezaliwa Nakuru, mji wa mawe yenyewe, Eveready walikuwa na kiwanda hapa tangu 1967 mpaka wakafunga 2014, na kufungwa kwake ni hadithi ingine ya kazi za watu kwenda, tuachane nayo. Lakini hata huku kwenye zilikuwa zinatengenezewa mawe ilikuwa pesa. Kwetu redio ilikuwa inakula mawe makubwa sita. Baba akinunua mapya anatangaza sheria: habari ya saa saba, vifo, habari ya saa moja jioni, zima. Ukiskia muziki ujue baba ako shagz. Mawe yakianza kulemaa sauti inaenda chini, tunatoa tunaanika kwa mabati saa ya jua kali, yanarudi na nguvu ya habari moja tu, wengine walikuwa wanayachemsha kwa sufuria, wengine wanayagonga na meno yaingie kibonde, na ukifanya hivyo mara mingi yanatoa maji yanakula chuma cha redio na hapo sasa unaenda kwa fundi.

Ndio nawaambia, kama unataka kujua watu walipenda nini usiwaulize, angalia walikuwa wanatumia mawe kwa nini. Pale kwetu Jumapili mchana baba alikuwa anaongeza kitu kimoja kwa ile orodha yake, mpira. Kama Gor Mahia inacheza na Ingwe, yaani AFC Leopards, hata kama mawe ni ya mwisho yanakufia hapo.

IngweDamu
Sasa mmefika kwangu. MPIRA WA REDIO. Hawa watoto wa dish hawawezi elewa.

Mtangazaji anaanza na kukuwekea uwanja kwa nyumba: "timu hii inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako." Mimi nikiwa mdogo nilikuwa naenda kusimama upande wa kulia wa redio nikingoja bao itokee hapo, na ndugu yangu alikuwa anachungulia kule nyuma kwa mawe. Usicheke, ulikuwa unafanya hivyo pia. Leonard Mambo Mbotela akiwa na mpira ulikuwa unaona kila kitu, nyasi, mbio, refa ameshika kiuno. Mahmoud Abbas langoni, Kenya One, akiruka na wewe unaruka kwa kiti. Baadaye Mohammed Juma Njuguna, Jack Oyoo Sylvester, hawa watu walikuwa wanafanya mechi ya sare bila bao ikuache na jasho. Halafu uende uwanjani siku moja mwenyewe ndio ugundue mpira wa kweli uko polepole kuliko wa redio, mimi mara ya kwanza Nyayo nilijiuliza kwani hawa wamechoka ama ni nini.

NyarKendu
@IngweDamu na 1987 ulikuwa unaskiza wapi? Desemba ile, K'Ogalo, yaani Gor, na Esperance, mbili mbili kule Tunis, moja moja Nairobi, kombe la Afrika likabaki kwetu kwa mabao ya ugenini. Redio moja kwa duka, watu mpaka barabarani. Ingwe imeleta nini kutoka Afrika? Naskiza

IngweDamu
1982, 1983, 1984 kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, na mpira ukitangazwa na sauti hiyo hiyo ya Mambo. Usinichokoze shemeji

NyarKendu
Afrika Mashariki ni mtaani hapa. Nimesema Afrika

OmusakhuluWebuye
Shemeji na shemeji tulieni, hii vita haijaisha tangu mbeleni na haiishi kwa uzi.

Mimi nataka kurudi kwa salamu kidogo, juu mimi ni mtu wa salamu mpaka leo, na wengi mnaongea ni kama ilikufa. Haijakufa, iliacha tu kadi ikaenda kwa simu. Hapa Bungoma tuko na kikundi, tulijuana hewani kabla ya kujuana kwa sura. Kila mtu ako na jina lake la hewani, ukiita jina la kitambulisho hakuna mtu anageuka. Tunakutana, tunachanga, mwenzetu akifiwa tunaenda na fulana zetu na tunakaa tenti yetu, na jamaa za marehemu wanauliza hawa ni nani, wanaambiwa hawa ni wa redio. Nilienda mazishi moja upande wa Busia ya mtu nilikuwa namsalimu kila wiki na sikuwahi kumuona akiwa hai. Nilimjulia kwa picha kwa jeneza. Lakini nilijua watoto wake wote majina na nilijua anapenda kufunga salamu zake na methali gani, na nikiongea pale mbele nilifunga nayo. Nyumba nzima ililia bana.

Na kitu watu hawajui, Ingo FM ya Kiluhya, Mayienga ya Kijaluo, Minto ya Kisii, Kitwek ya Kalenjin, hizi ni za KBC pia. Zamani ilikuwa stesheni ya Kisumu na lugha zetu zikigawana masaa, ukichelewa unapata ni zamu ya jirani na haujui anasema nini. Siku hizi kila mtu na yake. Mimi huchezesha Ingo asubuhi, Taifa mchana.

KijanaWaKondele
Hizi zote ni nzuri lakini mnaruka kitu moja. Hio redio ilikuwa mdomo wa serikali. Babu yangu alikuwa ananiambia habari ya saa saba ilikuwa Mtukufu Rais Daniel arap Moi ameenda hapa, Mtukufu Rais amesema hivi, Mtukufu Rais amepanda mti, halafu kama kumebaki nafasi ndio unaskia dunia imeungua. Wa upinzani alikuwa anatajwa tu akikemewa. Sasa mnataka nikae hapa niskie uchungu wa mapenzi ya salamu?

NyarKendu
Babu yako amesema ukweli. Ndio nilikwambia baba alikuwa anatafuta London.

MwalimuKhayega
Ndugu zangu nimefuatilia huu uzi tangu asubuhi nikisahihisha vitabu, ngoja niseme yangu ingawa nitaandika ndefu.

@KijanaWaKondele hoja yako ni kweli na haipingiki, na mfano mkubwa kuliko wote ni 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga walipotaka kupindua serikali hawakuanza na Ikulu, walienda VoK. Wakamtoa Mambo Mbotela nyumbani kwake Ngara, wakampeleka studio, akasomea nchi tangazo lao akiwa na bunduki kando yake. Na siku hiyo hiyo serikali iliporudisha mambo mkononi, sauti ile ile ikatangaza tena kwamba serikali ipo. Kwa nini yeye? Kwa sababu walijua mtu yeyote akisoma watu watauliza huyu ni nani, lakini Mambo akisema, hata mama wa Shinyalu aliye shambani ataamini. Hiyo imani haikununuliwa na habari za Mtukufu Rais. Ilitoka kwa vipindi vidogo.

Ndio nije kwa kipindi changu, chake Mambo huyo huyo, Je, Huu ni Ungwana? Kilianza 1966 na kikaenda zaidi ya miaka 50, huyu mzee alitangulia mbele za haki Februari 2025 akiwa na miaka 84 na bado watu walikuwa wanamwita kwa jina la kipindi. Mtindo wake mimi kama mwalimu nimeuiba na ninautumia darasani mpaka leo. Hakuwa anakukaripia. Alikuwa anakupigia picha ya mtu, tuseme, ameenda kwa watu saa ya chakula kusudi, anakaa, anakohoa, anaulizia hali ya mtoto ambaye yuko hapo mbele yake, mpaka sahani iletwe. Anakuachia umcheke huyo mtu vizuri kabisa. Halafu ndio anakuuliza, je, huu ni ungwana? Na wewe uliyekuwa unacheka unakumbuka wiki jana ulikuwa kwa nani saa saba na nusu. Pale nyumbani baba alikuwa anamgeukia mjomba bila kusema neno na mjomba anaanza kutafuta kofia.

Sasa tazama, hapo hakutajwa mtu jina. @MzeeWaLanet mimi hapa natofautiana na wewe kidogo. Utamu wake ulikuwa kwamba hujatajwa, na bado unajua ni wewe.

MzeeWaLanet
Mwalimu umenipiga na kiboko yangu mwenyewe. Hiyo ya mjomba kutafuta kofia ilikuwa kwa kila nyumba.

Section58
Mwalimu ongea pia ya masomo ya redio bana, si mlikuwa mnatuletea darasani

MwalimuKhayega
Ah, vipindi vya shule vya KIE, ile taasisi ya mitaala, siku hizi KICD. Nilivipata nikiwa mwanafunzi. Mwalimu anabeba redio ya shule kutoka ofisini amekumbatia na mikono miwili, anaiweka juu ya meza, dirisha zinafungwa kwa sababu ya kelele za darasa la pili. Mwalimu wa redio anauliza swali, halafu ananyamaza kidogo ili mjibu. Sisi tulikuwa tunajibu kwa sauti moja jibu la makosa, na yeye anasema "vizuri sana!" Darasa linakufa kwa kicheko. Nilikuja kusimama upande wa pili 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona na KICD wakarudisha masomo kwa KBC. Nilikuwa natumia wazazi ujumbe saa za kipindi. Wengine walisema simu ya intaneti hawana lakini redio iko, na wengine hata redio haikuwa, mtoto anaenda kuskizia kwa jirani.

BintiBunyala
Mimi hua sicomenti lakini leo mmeniingiza.

Mnaongea kuitwa jina ni kama ni kitu cha zamani. Mimi natoka Budalangi. Sisi shida yetu mnaijua, mto Nzoia. Mvua inanyesha Elgon na Cherangani, huku kwetu jua linawaka na mtu anaanika mahindi, na maji iko njiani inakuja. Zamani ulikuwa unajua mafuriko ukiskia miguu ni baridi usiku. Sasa sisi tuko na Bulala FM, redio ndogo ya kijiji, iliwekwa na watu wa Idara ya Hali ya Hewa, inaongea Kinyala chetu, na kazi yake kubwa ni hiyo, maji imefika wapi. Kuna kipimo pale daraja ya Rwambwa. Maji ikipanda, redio inasema. Haisemi "wakaazi wa maeneo ya chini wanashauriwa kuchukua tahadhari" ile ya televisheni ya Nairobi, inataja kijiji na kijiji, wa upande huu wa kingo, toeni ng'ombe, wa upande ule toeni watoto na wazee kwanza. Mama yangu haendi popote na redio hajaskia. Chifu akipita na kipaza sauti anamwambia ngoja kwanza niskie Bulala.

Halafu siku hakuna maji ni redio tu kama zingine, nyimbo, bei ya omena, mbuzi imepotea ya rangi hii. Mbuzi inapatikana pia. Kuna watu wanacheka redio ya kutangaza mbuzi lakini kwetu ndio sababu tunaiamini siku ya maji.

KijanaWaKondele
@BintiBunyala hio sasa ndio redio ya umma mimi naweza lipia kodi. Sio ya kusomea mzee kadi akiwa choo

OmusakhuluWebuye
Kijana, hio hio ya choo ndio inafanya watu waache redio ikiwa on mpaka ya maji iwapate. Hebu soma tena kile huyu binti amesema kuhusu mbuzi.

Na ya kodi tusifungue hapa, ukianza na lile deni la Mjapani la 1989 la kununulia KBC mitambo hatulali.

IngweDamu
Mbuzi ya rangi gani lakini 😂

MzeeWaLanet
@BintiBunyala asante sana kwa kucomenti, rudi tena. Hio ya Bulala sikuwa najua na nimekaa Kenya hii yote.

Lakini naomba niulize wenye bado wanaskiza sai, ni nini hamuipendi kwa redio za leo? Mimi naanza: hizi FM za asubuhi, mtu anapigiwa simu bibi yake hewani wapatanishwe, nchi nzima inaskiza mtu akitukanwa na mamake wa kambo. Najua watu wanapenda, matatu yote ya Nakuru–Nairobi ni hio. Lakini mimi hutoa macho kwa dirisha.

NyarKendu
Haha Mzee, wewe ulikuwa unaskiza orodha ya vifo uone bibi wa pili kama ametajwa, leo unajifanya hutaki mambo ya nyumba za watu? Ni kitu moja. Tofauti ni zamani ilikuwa inasomwa na mtu amevaa tai.

Section58
😂😂😂 NyarKendu wewe ni mbaya

KijanaWaKondele
Kwanza mimi napenda hio ya kupatanisha, ndio inaniamsha. Kile sipendi ni kamari. Kila dakika tuma pesa kwa namba hii ushinde, mtangazaji anapiga kelele ni kama ameona moto. Nilituma kwa stesheni fulani sitataja, mara ya kwanza, mara ya pili, nikaambiwa "umekaribia sana!" Nimekaribia wapi na ni droo?

MwalimuKhayega
"Umekaribia sana" ni mwalimu wa redio yule yule wa "vizuri sana", amehamia tu.

MtotoWaVihiga
Samahani kuingilia, nimesoma yote na nimefurahi lakini mimi niko na shida ya kweli. Kukhu wangu, yaani nyanya, ako Vihiga upande wa Maragoli, kwa mawe mawe huko, redio yake imekufa kabisa na fundi amesema spea hakuna. Anataka Taifa na Ingo, hataki kitu ingine. Nilimletea simu ya kabambe iko na redio ndani akakataa, anasema hawezi skiza vifo na kamba kwa masikio ni kama daktari. Nimnunulie gani? Na huko milima stesheni zinaingia zikitoka.

Section58
Kwa kabambe nyingi ile kamba ndio eriali, bila hio haishiki, so hapo kukhu amemaliza mjadala. Tafuta redio yenye iko na eriali ndefu ya chuma ya kuvuta, na kidude cha kuzungusha, usimpelekee ya kubonyeza namba atakuita kila siku. Angalia inakula mawe na pia stima. Hizi ndogo za Mchina za kadi ya nyimbo na tochi zinaonekana kali lakini ukizijaribu mahali stesheni ziko mbali zinaleta mbili kwa wakati mmoja.

OmusakhuluWebuye
Na usiweke karibu na taa ya sola na ile mashine yake ya chaji, inaleta kelele zzzzz, wengi wanafikiri redio ni mbovu. Weka dirishani upande unaangalia Kisumu, geuza eriali pole pole mpaka sauti isafike, halafu pigia ukuta alama na chaki asihangaike siku nyingine.

BintiBunyala
Mpelekee yenye iko na sola juu kabisa, mama yangu ako nayo, mawe amesahau. Lakini mwambie asiiache juani siku nzima, plastiki inapinda.

MtotoWaVihiga
Asanteni sana. Kuna moja nimeona Luanda ya huko Vihiga, eriali ndefu, kidude cha kuzungusha, sola na mawe matatu, jamaa anasema elfu mbili na mia tano. Ni sawa ama ananipiga?

Section58
Anakupiga. Anza na elfu moja mia tano, na kabla utoe pesa mwambie aizungushe mpaka Ingo ukiwa hapo hapo kwa duka. Akisema "itashika tu ukifika nyumbani" toka.